“Mwacheni Mzee Apumzike”

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi. Jioni moja, kwenye kijiwe cha kahawa pale Somanda, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni ofisa tarafa alinitupia swali mbele ya wazee: “Mwalimu, hivi Rais anaweza kumsamehe Rais aliyemtangulia?” Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kikombe chake alijibu kwa niaba yangu: “Kwani aliwahi kushtakiwa?” Watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pamba. Mimi nililala na swali lile la mzee, na nimeamka nalo mara nyingi tangu siku hiyo.

Naweka msimamo wangu mezani mapema. Rais hapaswi kumsamehe mtangulizi wake kwa tuhuma ambazo hazijasikilizwa popote. Na katika nchi yetu, ambako msamaha wa namna hiyo umekwisha kuandikwa ndani ya Katiba kabla hata Rais hajaapishwa, tunapaswa kuufuta. Naomba nieleweke. Simtuhumu mstaafu yeyote, aliye hai wala aliyetangulia mbele ya haki. Ninachokipinga ni utaratibu unaotuzuia tusijue kamwe nani alikosa na nani alisingiziwa.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi tunajadili jambo hili bila kufungua Katiba. Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa Rais madaraka ya kumsamehe mtu aliyekwisha kupatikana na hatia mahakamani. Mpangilio wake ni wa busara: kosa, shauri, hukumu, kisha huruma. Ndivyo wanavyotoka magerezani maelfu ya wafungwa katika sikukuu za Uhuru na Muungano. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli alipowaachia Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha, nchi nzima ilijua walihukumiwa kwa kosa gani na mahakama zipi zilisikiliza rufaa zao. Wako waliofurahi na wako waliokasirika. Wote walijua wanachobishania.

Sasa geuza ukurasa uone Ibara ya 46. Ibara ndogo ya kwanza inakataza kumshtaki Rais kwa jinai akiwa madarakani. Hilo sina ugomvi nalo. Mkuu wa nchi hawezi kuendesha dola asubuhi na kupanda kizimbani mchana. Lakini ibara ndogo ya tatu inavuka mpaka huo. Inapiga marufuku kufungua shauri lolote, la jinai au la madai, dhidi ya mtu aliyekuwa Rais kwa jambo lolote alilolifanya kama Rais, hata baada ya kuondoka Ikulu. Mlango pekee ulioachwa wazi ni wa aliyeondolewa na Bunge kwa utaratibu wa Ibara ya 46A, ambao unataka hoja iungwe mkono kwa maandishi na asilimia 20 ya wabunge ndipo ipokelewe, na theluthi mbili ya wabunge wote ndipo ipite. Tangu mlango huo uwekwe, hakuna aliyewahi kuusukuma.

Weka ibara hizo mbili kando kwa kando. Ya 45 inasema hakuna msamaha bila hatia. Ya 46 inasema hakuna njia ya kuifikia hatia. Kwa hiyo Rais wetu mstaafu hawezi kusamehewa, kwa sababu hawezi kuhukumiwa, na hawezi kuhukumiwa kwa sababu amekwisha kusamehewa. Mzee wa Somanda aliliona hilo bila kupita chuo kikuu.

Wanaopenda kutolea mifano Marekani hutukumbusha kwamba Gerald Ford alimsamehe Richard Nixon tarehe 8 Septemba 1974, mwezi mmoja tu baada ya Nixon kujiuzulu kwa kashfa ya Watergate, tena kabla ya shtaka lolote kufunguliwa. Ni kweli, na mimi naamini Ford alikosea. Hata hivyo, Ford alitia saini yake kwenye karatasi. Alijitokeza kwenye televisheni akaeleza sababu zake. Miaka miwili baadaye alikwenda kwa wapiga kura akashindwa na Jimmy Carter, na msamaha ule ulitajwa miongoni mwa sababu za kushindwa kwake. Kwetu msamaha hauna saini, hauna maelezo, na hakuna anayeulipia.

Umekuwa ukitolewa kwa mdomo. Baada ya Rais Mkapa kung'atuka mwaka 2005, ziliibuka tuhuma kwamba alifanya biashara akiwa Ikulu, pamoja na maswali kuhusu umiliki wa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Wabunge waliyasema hayo ndani ya Bunge na magazeti yakayaandika kwa miaka. Jibu la wakubwa lilikuwa ni wito ambao mitaani uligeuka msemo: mwacheni mzee apumzike. Juni 2017, Rais Magufuli alipopokea ripoti ya kamati ya Profesa Nehemiah Osoro kuhusu makinikia, mawaziri na wanasheria wakuu wa zamani walitajwa kwa majina na ikapendekezwa wachunguzwe. Siku hizo hizo Rais alivitaka vyombo vya habari viache kuwachafua marais wastaafu Mkapa na Kikwete. Waliokaa kwenye viti vya Baraza la Mawaziri wachunguzwe; waliokaa kwenye kiti cha mbele wapumzike.

Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 2015, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani Basil Mramba na Daniel Yona, mawaziri wa Awamu ya Tatu, kwa matumizi mabaya ya madaraka katika mkataba wa ukaguzi wa dhahabu ulioisababishia Serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 11. Sisemi kwamba aliyewateua alikuwa na kosa. Nasema kwamba hata kama ushahidi ungenyoosha kidole juu zaidi ya waziri, sheria ingeukata kidole hicho.

Lakini tuseme Katiba ingeruhusu, na Rais aliyepo akawa na kalamu ya kumsamehe mtangulizi wake. Je, yeye ni mtu wa kuishika kalamu hiyo? Tazama historia yetu. Rais Kikwete alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka yote 10 ya Rais Mkapa. Rais Magufuli alikuwa waziri chini ya Mkapa na chini ya Kikwete. Rais Samia alikuwa Makamu wa Rais wa Magufuli tangu 2015 hadi msiba wa Machi 2021. Katika mfumo wa chama kimoja kinachorithishana Ikulu, anayeingia alikuwa amekaa meza moja na anayetoka. Alihudhuria vikao, alipigia makofi maamuzi, pengine baadhi aliyatekeleza kwa mkono wake. Mtu wa namna hiyo akimsamehe mtangulizi wake, anaisamehe meza aliyokula yeye mwenyewe.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Kila Rais ni mstaafu wa kesho. Anapomfunika aliyemtangulia, anamfundisha atakayemfuata namna ya kumfunika yeye. Ni kama upatu wa wanawake wa mtaani kwetu: leo nakutolea wewe, kesho zamu yangu. Tofauti ni kwamba kina mama wa upatu huchangia fedha zao wenyewe. Katika upatu huu wa Ikulu, kinachochangwa ni haki ya wananchi ambao hawakuombwa ridhaa. Ndiyo maana nasema kwamba msamaha kwa mtangulizi ni msamaha ambao mtoaji anajiwekea akiba. Hakuna hakimu anayeruhusiwa kusikiliza shauri la ndugu yake. Iweje tumruhusu Rais kulimaliza shauri ambalo yeye ni shahidi, na huenda ni mshirika?

Watetezi wa kinga hudhani wanamlinda mzee. Mimi nadhani wanamdhulumu. Mei 2012, Rais mstaafu Mkapa alifika mwenyewe Mahakama ya Kisutu kumtetea Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, katika kesi ya ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Rome. Alikula kiapo, akaulizwa maswali, akajibu. Mbingu hazikuanguka, amani haikutikisika, na Agosti mwaka huo Mahalu aliachiwa huru akitembea kichwa juu. Mahakama ilimsafisha. Mkapa mwenyewe hakupata fursa hiyo. Alifariki Julai 2020, na maswali ya Kiwira alikwenda nayo kaburini yakiwa hayajathibitishwa wala kukanushwa na chombo chochote cha sheria. Kama alikuwa hana hatia, kinga ilimnyima cheti cha usafi wake. Kama alikuwa nayo, ilitunyima sisi haki yetu. Kwa vyovyote ilileta hasara.

Na kuna Pemba. Januari 2001, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Zanzibar. Watu waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imewazalisha. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019, Mkapa alikiri kwamba mauaji yale ni doa katika uongozi wake. Nilipoisoma habari ile nilimheshimu kwa kusema. Kisha nikajiuliza: mjane wa Pemba anafanya nini na majuto yaliyochapishwa kitabuni? Toba ile ilikuja miaka 18 baadaye, na haikuwa na mahali pa kupokelewa, kwa sababu Katiba ilikwisha kufunga kila chumba ambamo muungamaji na aliyeumizwa wangeweza kukutana.

Sisi wa Simiyu hatuna haja ya kwenda Pemba kutafuta mfano. Kabla ya Machi 2012 mkoa huu haukuwapo. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, mwaka 1976, kulifanyika operesheni ya vyombo vya dola iliyotokana na mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa walinzi wao. Mwalimu Nyerere hakusema yaliyopita si ndwele. Uchunguzi ulifanyika. Mapema mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu ingawa hakuna aliyedai kwamba aligusa mtu kwa mkono wake. Viongozi wengine walijiuzulu pamoja naye, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Waziri yule aliitwa Ali Hassan Mwinyi. Alibeba lawama, akapelekwa ubalozini Misri, akarejea kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki Februari 2024, karibu kila aliyemlilia alikumbushia kujiuzulu kule kama fahari yake. Uwajibikaji haukumvunja, wala haukuivunja nchi. Ulimjenga. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alipokuwa waziri angeweza kuwajibishwa kwa vifo vya Wasukuma kizuizini, lakini alipopanda cheo akawa Rais, Katiba ikamvika joho ambalo hakuna swali linaloweza kulipenya. Mantiki ya kawaida ingetaka kinyume chake, kwamba mzigo wa kujibu uongezeke kadiri mtu anavyopanda.

Sitakuwa mwadilifu nikiwasema wakubwa peke yao na kuwaacha watu wa kwetu. Sisi wa Bariadi nasi ni wasamehevu hodari. Aprili 2008 mbunge wetu, Mheshimiwa Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya kuripotiwa kwamba wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada walikuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Fedha hizo aliziita vijisenti, na neno hilo likaingia katika kamusi ya mitaani. Haki inanitaka niseme kwamba alikana kosa, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Kampuni ya BAE Systems ilikiri mwaka 2010 mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza vyema hesabu za biashara ile, ikalipa pauni milioni 29.5 zilizonunulia vitabu na madawati ya shule zetu za msingi. Tukaziita chenji ya rada, tukacheka.

Sisi tulifanya nini? Tulimpokea kwa shangwe, tukamchagua tena 2010 na 2015, na mwaka 2014 yeye ndiye aliyeongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalumu iliyoandika Katiba Inayopendekezwa. Mpiga kura ana haki ya kumchagua amtakaye. Ila tusidanganyane kwamba kura ni hukumu. Sanduku la kura haliulizi maswali, haliiti mashahidi, wala halimsafishi mtu. Tulifunika kombe mwanaharamu apite, na leo watoto wa Bariadi waliokalia madawati yale hawajui chenji iliyoyanunua ilitokana na bidhaa gani, nani alipanga bei, na nani alinufaika.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza husema kwamba Rais akijua atashtakiwa, hataondoka. Afrika Mashariki imewaona watawala waliobadili katiba ili wasing'oke, kwa hiyo hofu hii si ya kubuni. Lakini angalieni vizuri: waliong'ang'ania kwa kawaida hawakukosa kinga katika katiba zao. Walizikosa imani na aibu. Na hapa kwetu wastaafu waliondoka kwa sababu ukomo wa vipindi ulikuwa umekita katika desturi ya chama na ya taifa. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, ilipata njia ya kati. Ibara ya 143 inamkinga Rais dhidi ya mashtaka ya jinai akiwa madarakani tu, inasimamisha hesabu ya muda ili shauri lisichakae, na inakataa kabisa kinga kwa makosa ambayo mikataba ya kimataifa imeyakatalia kinga. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, mkataba usiotambua cheo cha mkuu wa nchi kama ngao. Tumetia saini nje ya nchi tusichokubali kukiandika ndani.

Hoja ya pili ni amani. Tunaambiwa tusifukue makaburi. Zambia ilifukua. Rais Levy Mwanawasa, aliyechaguliwa na Frederick Chiluba mwenyewe kuwa mrithi wake, aliliomba Bunge limwondolee Chiluba kinga, na Julai 2002 Bunge likakubali. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika shauri la madai, ilimwona Chiluba anawajibika kwa upotevu wa mamilioni ya dola. Mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ikamwachia huru kwa mashtaka ya jinai. Unaweza kuubishia uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Vita havikuzuka, na Chiluba alipofariki 2011 alizikwa kwa heshima za kitaifa.

Hoja ya tatu ni kisasi, na hiyo naikubali kwa uzito wake wote. Jirani zetu wa Kongo wametuonyesha sura yake. Mei 2025 Seneti ilimwondolea Joseph Kabila kinga, na Septemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo akiwa hayupo mahakamani, huku vita vikiendelea mashariki mwa nchi. Kama huko ndiko tunakotaka kwenda, bora tubaki na Ibara ya 46. Lakini dawa ya kesi ya kisasi ni mahakama huru, yenye utetezi na rufaa. Kumkataza mgonjwa asiende hospitali kwa sababu kuna waganga matapeli hakujawahi kumponya mtu.

Tena, amani tunayoilinda kwa ukimya imekwisha kuonyesha nyufa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, damu ilimwagika katika miji yetu. Vijana wengi wakashtakiwa kwa uhaini. Mwezi uliofuata, akifungua Bunge, Rais aliwataka wahusika wawatazame kwa huruma vijana waliofuata mkumbo, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Huruma ile naipongeza. Ila niliona msamaha ukiteremka kutoka juu kwenda chini, kama kawaida yake. Mama aliyempoteza mwanawe siku ile ana la kusamehe pia. Nani amemuuliza kama yuko tayari, na kwanza nani amemwambia amsamehe nani?

Hapo ndipo ninapomkumbuka mjomba wangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Msimu mmoja alichezea mizani na daftari la wakulima, akakamatwa, akahukumiwa, akafungwa. Alitoka kabla ya muda kwa msamaha wa Rais wa siku ya Uhuru. Alirudi kijijini akidhani mambo yamekwisha. Hakuna aliyemtukana. Lakini akifika kwenye msiba, benchi aliloketi lilikuwa lake peke yake. Baada ya miezi kadhaa aliomba mwenyewe mkutano wa kijiji. Alisimama chini ya mti akasoma majina, na mbele ya kila jina akataja kilo alizokata. Ilichukua karibu saa nzima. Alipofika jina la bibi mmoja, mjane, bibi yule alisimama akasema: “Rais alikusamehe kifungo. Pamba ilikuwa yangu. Sasa nimekusamehe.” Si wote waliofuata mfano wake, yuko mzee mmoja ambaye hadi leo hampi mkono, na hiyo ni haki yake. Ila mjomba wangu siku hizi huketi na watu.

Nimesoma vitabu vingi vya nadharia ya haki, na bado sijakuta maelezo yanayomshinda bibi yule. Rais ana mamlaka juu ya adhabu, kwa kuwa adhabu ni mali ya dola. Hana mamlaka juu ya jeraha. Wenye jeraha ndio wenye msamaha, nao hawawezi kuutoa kwa kosa ambalo halijatajwa.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Ibara ya 46(3) irekebishwe, kinga ikome siku Rais anapokabidhi ofisi, na muda wa kufungua shauri uhesabiwe tangu siku hiyo. Mashtaka dhidi ya Rais mstaafu yaidhinishwe na jopo la majaji, ili asisumbuliwe na kila mwenye chuki. Msamaha wa Ibara ya 45 ubaki kwa ajili yake kama kwa raia mwingine, lakini baada ya hukumu, kwa sababu zilizoandikwa na kutangazwa, na baada ya walioumizwa kusikilizwa. Na kama Rais aliyepo alikuwa katika serikali ya mhukumiwa, akae kando, chombo kingine kishauri na kuamua. Mzee wetu akiwa na umri mkubwa au maradhi, asilale gerezani hata usiku mmoja. Mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Ninachodai ni kujua. Kifungo sikidai.

Wanafunzi wangu, dai hili liwekeni katika mjadala wa Katiba mpya kila unapofunguliwa. Watumishi wa umma mnaosoma haya, nanyi mnajua kwamba hati chafu ya ukaguzi humng'oa mkurugenzi wa halmashauri, na upungufu wa shilingi laki mbili humfikisha karani TAKUKURU. Hamdai upendeleo wowote mkitaka kipimo hicho kipande ngazi.

Nitakaporudi Bariadi nitamtafuta mzee yule wa kahawa nimpe jibu nililoshindwa kulitoa jioni ile. Hapana, mzee wangu, hakuwahi kushtakiwa. Kwa hiyo hatujamsamehe bado. Tumenyamaza tu, na yeye amezeeka, na sisi tunazeeka pamoja naye.